Maporomoko ya Dakika Ishirini

Video yenyewe haikuzidi sekunde arobaini na nne. Herieth aliipiga mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, siku aliyopanda Kilema kumsalimia shangazi yake Anaeli. Mvua ilipopumua kidogo alishuka korongoni kukata majani ya mbuzi, na alipoinua kichwa akayaona maji yanamwagika kutoka juu ya jabali, meupe, mazito, kama maziwa yaliyochemka yakaizidi sufuria. Alikuwa ameyaona tangu anatambaa. Siku ile ndiyo kwanza akajiuliza: hivi mtu ambaye hakuzaliwa hapa, akiyaona haya, atasemaje?

Akatoa simu.

Walikuwa wawili katika kazi hiyo, yeye na Shamsia, waliosomea utalii pamoja chuoni Moshi. Kampuni kubwa zilikuwa zikiwapandisha wageni wa ng'ambo mlimani. Wao wawili, katika kichumba chao cha Majengo chenye meza moja na feni isiyozunguka, walikuwa na wazo lao: kuwatembeza Watanzania wenzao mahali ambapo Watanzania hawapajui. Ukurasa wao waliuita Tembea Kwetu. Shamsia alikuwa mdomo, Herieth alikuwa macho. Herieth alikuwa mtu wa haya. Akiulizwa jambo mbele ya watu watatu, sauti ilimrudi tumboni. Lakini mpe simu na kona ya mahali, atakuletea picha ya kukufanya utafute viatu.

"Watu wa Dar wanadhani Kilimanjaro ni ule mlima wa kwenye kalenda," Shamsia alisema alipoiona ile video. "Hii itawatoa macho. Tuandikeje?"

Wakaandika: Maporomoko ya Kilema ambayo hujawahi kuyasikia. Yako nchini kwako.

Hawakuandika ni mwezi gani. Hilo ndilo jambo la kwanza Herieth aliloliacha bila kulisema, na wakati ule halikuonekana kuwa kosa.

Kwa maana hayakuwa maporomoko ya mto. Juu ya lile jabali kuna bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Wachagga huliita nduwa. Mfongo, yaani mfereji unaotoka mtoni huko msituni, huijaza nduwa usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu huzibua mlango, maji yakateremka shambani kwake. Kaya ni kumi na moja, na kila moja ina siku yake. Masika, maji yakizidi, nduwa hufurika, na yale yanayomwagika ubavuni ndiyo yanayoruka jabali. Kiangazi hakuna hata kata moja ya kumwaga. Herieth alilijua hilo kama alivyolijua jina la baba yake, marehemu Eliufoo.

Mwezi wa Januari Shamsia alipomwambia kuna watu tisa wa Dar wanataka kuja Februari, Herieth alikuna shingo.

"Kiangazi maji hupungua," alisema.

"Hupungua au hukauka?"

"Hupungua."

Hilo lilikuwa la pili.

Wageni walifika Jumamosi, asubuhi yenye jua, wakashushwa na gari kanisani wakaanza kupanda kwa miguu. Shamsia alibaki mjini kupokea simu. Njia ilipita kati ya migomba na kahawa, na vijana walitangulia wakipiga picha kila kitu, hata banda la mbuzi. Nyuma kabisa alikuja mama mmoja mnene wa kiasi, mwenye fimbo na kofia ya jua, aliyekuwa akisimama kila hatua ishirini.

"Mwanangu, unaitwa nani vile?"

"Herieth, mama. Shikamoo tena."

"Marahaba tena. Mimi ni Mwalimu Elizabeth. Bado mbali?"

"Karibu tu, mwalimu."

"Hiyo 'karibu tu' yenu naijua. Niliolewa na Mchagga. Aliniambia kwao ni karibu tu na stendi, nikatembea hadi kisigino cha kiatu kikaanguka."

Herieth akacheka, akampa mkono. Walipanda wakipumzika, na kwa vipande vipande mwalimu akamsimulia. Alikuwa amefundisha jiografia Temeke miaka thelathini na mmoja. Sura ya mito aliipenda kuliko zote. Maporomoko aliyachora ubaoni kwa chaki mpaka wanafunzi wakampa jina, Mwalimu Maporomoko.

"Sijawahi kuyaona," alisema. "Hata mara moja. Likizo zilikuwa za kulima na za kuuguza. Sasa nimestaafu, goti nalo linanikatalia. Nikasema, kabla halijanikatalia kabisa, nikayaone kwa macho yangu. Na yawe yetu, siyo yale ya vitabuni ya nchi za watu."

 Kwa hatua zote zilizobaki Herieth aliomba mvua kutoka katika mbingu isiyo na wingu.

Walipofika, jabali lilikuwa limesimama kavu. Katikati tu palikuwa na mstari mwembamba wa unyevu, na nyigu wawili wakinywa.

"Ni hapa?" kijana mmoja aliuliza. "Au tumepitiliza?"

"Bomba la kwetu Mbagala lina nguvu kuliko hili," mwenzake akasema.

"Na la Mbagala halitoki!"

Wakacheka. Cheko lao halikuwa baya, lakini Herieth alitamani jabali lipasuke limmeze. Mwalimu Elizabeth hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akasugua goti lake, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Si kitu," alisema taratibu. "Ni kiangazi. Nilipaswa kujua, mimi mwalimu wa jiografia."

Laiti angelalamika! Laiti angedai, angefoka, angemwita tapeli. Upole ule ndio uliomchoma.

"Nisubirini kidogo," Herieth alisema, na akaanza kupanda kijia cha ubavuni kwa mikono na miguu.

Nduwa ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai ya rangi, na majani mawili ya mgomba yakielea. Nduwa iliyojaa saa tano ya mchana maana yake ni moja tu: mwenye zamu amechelewa. Haina maana kwamba hana mwenyewe. Na zamu hazijabadilika tangu enzi za babu yake. Ukijua ya jana ni ya nani, ya leo unaihesabu kwa vidole. Herieth hakuhesabu. Baadaye, kila alipojitetea moyoni kwamba hakujua ni zamu ya nani, kitu kilimjibu: hukujua kwa sababu hukutaka kuhesabu.

Nduwa ina midomo miwili. Mmoja ni wa kwenda mashambani. Wa pili uko upande wa jabali, na huzibuliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, watu wanapotoa tope. Umezibwa kwa shina la mgomba lililoshindiliwa udongo na majani. Baba yake alimwonyesha akiwa na miaka saba, na akamwonya asiuguse.

"Kidogo tu," alijisemea, akaanza kufukua kwa mti.

Maji hayajui kidogo tu. Yalipoonja nafasi ya vidole viwili yalilisukuma shina kwa nguvu, likamponyoka Herieth, likaruka jabali na kupotea. Kisha akasikia kishindo huko chini, na juu ya kishindo, kelele za watu tisa.

Alilala kifudifudi ukingoni akachungulia. Maji yalikuwa yakishuka kama Aprili. Jua lilikuwa limeyachora upinde wa rangi. Vijana walikuwa wameingia na nguo zao. Na Mwalimu Elizabeth alikuwa amesimama bila fimbo, mikono yote miwili juu, kofia imeanguka, akipiga kelele maneno ambayo Herieth hakuyasikia. Kwa muda huo, mfupi sana, Herieth alifurahi kama hajawahi kufurahi kazini.

Halafu akageuka kuitazama nduwa.

Ilikuwa imeshuka nusu. Akaweka mguu wake tunduni, maji yakausukuma. Akajaza majani, yakaenda. Akakokota shina la mgomba lililoangushwa na upepo, likakwama, likaponyoka. Lilipokaa sawasawa, hapakuwa na kitu cha kuzuia tena. Dakika ishirini. Chini ya nduwa palikuwa na tope linalong'aa na chura mmoja aliyeshangaa.

Alishindilia udongo juu ya shina kama palivyokuwa mwanzo. Akanawa mikono katika kidimbwi kilichobaki. Njia fupi ya kurudi kwenye gari ilipita mlangoni kwa shangazi yake. Aliwapitisha wageni njia ndefu.

Jumatatu shangazi alimpigia simu.

"Herieth, mwanangu, nimeibiwa."

"Umeibiwa nini, shangazi?"

"Maji! Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Nilikwenda kwanza kuzika, nikasema nitazibua saa nane nikirudi. Nafika, nduwa nyeupe! Tope tupu! Na maharage yangu ndiyo kwanza yanatoa maua." Akashusha pumzi. "Ni Yoramu. Nani mwingine? Zamu yake ilikuwa jana yake, kaonja, akatamani na yangu."

Herieth alifungua mdomo. Shamsia alikuwa mbele yake mezani, akila kitumbua. Sauti ilirudi tumboni.

"Pole, shangazi," ndilo neno lililotoka.

"Jumapili ijayo kuna kikao cha mfongo. Safari hii atafungiwa maji mpaka masika. Na pombe ya mbege atatuletea."

Kilema, mwizi wa maji anachukiwa kuliko mwizi wa kuku. Aliyeiba kuku ameiba mlo mmoja. Aliyeiba maji ameiba chakula cha mwezi wa sita. Mzee Yoramu alikuwa amewahi kuvunja zamu, zamani, mwaka ule mkewe alipokuwa kitandani na yeye akachanganyikiwa siku. Alikiri mwenyewe, akatozwa, yakaisha. Lakini aliyewahi kulewa, hata akiyumbishwa na jua watasema amekunywa.

Shamsia alipoambiwa yote aliacha kutafuna.

"Wewe? Umeiba maji wewe? Wewe ambaye ukimkanyaga paka unamwamkia?"

"Usinicheke, Shamsia."

"Sikucheki, nashangaa. Mimi uliniambia hupungua." Akafuta vidole, akageuza simu yake. "Haya, tazama. Video ya yule mwalimu imetembea. Watu thelathini wanataka kuja mwezi huu huu. Niwajibu nini?"

Katika video hiyo, iliyopigwa na mmoja wa vijana, maji yalishuka na Mwalimu Elizabeth akapiga kelele, na sasa maneno yakasikika: "Jamani! Njooni mwone! Haya ndiyo niliyokuwa nayachora!"

Herieth aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Wajibu hakuna."

"Na yule mzee?"

Herieth alichukua mkoba wake akatoka. Juma lile lilikuwa refu. Kila alipofungua bomba alilifunga haraka, kama mtu aliyeguswa mkono. Mara tatu aliandika ujumbe kwa shangazi yake, mara tatu akaufuta.

Jumamosi asubuhi alipanda Kilema. Shangazi Anaeli alikuwa bondeni, ndoo kichwani. Alikuwa anayamwagilia maharage kwa kopo, shina kwa shina, maji ya kuteka kisimani mwa kanisa. Maua mengi yalikuwa chini tayari, madogo, ya zambarau, yamekauka kama vipande vya kiberiti.

Herieth hakuuliza. Alichukua ndoo ya pili. Walikwenda safari saba, kisima hadi bondeni, bila maneno mengi, shingo zikiuma. Safari ya nane shangazi aliketi kwenye kivuli cha mgomba akafunua kiburu alichokibeba, ndizi na maharage, bado ya moto.

"Kula. Wengine wanasoma wakisha wanasahau jembe. Wewe moyo wako haujabadilika. Sikukuita, umekuja."

Herieth alirudisha kipande cha ndizi bakulini.

"Na yule Yoramu," shangazi aliendelea, "alikuja jana, kasimama pale getini, kavua kofia. Ananiambia, 'Anaeli, si mimi.' Nikamfungia mlango usoni. Usiku nikakumbuka kwamba ndiye aliyechimba kaburi la baba yako, mvua inanyesha, wengine wamejificha barazani. Nikasema, potelea mbali, mwizi ni mwizi." Akafukuza nzi kwenye bakuli. "Lakini sikulala."

"Si yeye, shangazi."

"Eeh?"

"Si yeye. Ni mimi."

Akasema yote, akiyatazama yale maua, kwa sauti ndogo ambayo shangazi ilimbidi ainame kuisikia. Video. Wageni. Goti la mwalimu. Shina la mgomba. Njia ndefu.

Shangazi Anaeli hakupiga kelele. Alifunika bakuli la kiburu, ingawa lilikuwa halijafika nusu.

"Ulipita hapa," alisema. "Ukaizunguka nyumba yangu."

"Ndiyo."

"Maharage yataota mengine. Lakini kuizunguka nyumba yangu!"

Herieth aliinuka akaenda kwenye uzio. Pale, kama kwenye kila kihamba, yaani shamba la ukoo, mpaka ulipandwa masale, mimea mirefu yenye majani mabichi kiangazi na masika. Kwa Wachagga, mkosaji akikujia na jani la isale mkononi, humfukuzi. Hata kama amemwaga damu, unalipokea. Alichuma moja, akalifunga fundo, akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Simama," shangazi alisema. "Isale si kitambaa cha kufutia mikono. Unaniletea mimi kwa kuwa mimi ni rahisi. Mimi nimepoteza maji. Nani amepoteza jina?"

"Mzee Yoramu."

"Mpelekee. Na usimpelekee nyumbani kwake kwa siri, maana hakuitwa mwizi kwa siri."

Jumapili baada ya ibada kaya zote kumi na moja zilikutana ukingoni mwa nduwa, kama inavyotakiwa. Vedastus, mwenyekiti wa mfongo, aliketi juu ya gogo. Mzee Yoramu alisimama peke yake upande wa pili, katika koti lake la kanisani, na kati yake na wengine palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeipima lakini kila mtu aliijua. Herieth aliiona nafasi ile akataka kukimbia.

"Tumekutana kwa habari ya zamu ya Anaeli," Vedastus alianza. "Yoramu, tunakusikiliza."

"Nimeshasema. Mnataka niseme kwa Kijerumani?"

Watu wawili wakacheka, wakanyamaza. Shangazi Anaeli alimsukuma Herieth mgongoni kwa vidole viwili. Akatoka mbele, isale mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Macho yote yalikuwa juu yake.

"Sema, binti," Vedastus alihimiza.

Akamnyooshea simu.

"Kikao cha mfongo hakina simu."

"Naomba mtazame tu, baba," akanong'ona.

Vedastus akaichukua, wengine wakasogea. Kishindo cha maji kikatoka katika kile kitu kidogo, na sauti ya mwanamke: "Jamani! Njooni mwone!"

"Hii ni ya lini?" Vedastus aliuliza.

"Jumamosi ya wiki iliyopita. Saa tano."

"Kiangazi hiki? Nani alizibua?"

"Mimi."

Neno lile moja lilikuwa limetoka, na mengine yakafuata njia yake. Alisema kwamba aliwaahidi watu maji ambayo hayapo. Kwamba alijua mdomo wa upande wa jabali hauguswi. Kwamba simu ya shangazi ilipopigwa na jina la Mzee Yoramu likatajwa, alisema pole, basi.

"Kwa ajili ya picha!" mama mmoja alipaza sauti. "Maji ya watu, kwa ajili ya picha!"

"Na ni mtoto wa Eliufoo," mwingine akaongeza. "Eliufoo aliyelala msituni siku mbili akijenga banio linaloingiza maji mfongo huu. Mae! Afadhali hayupo."

Herieth hakujitetea. Alivuka ile nafasi, akapiga magoti juu ya tope lililokauka, akanyoosha isale.

Mzee Yoramu hakulitazama. Alikuwa anaitazama simu mkononi mwa Vedastus.

"Hebu rudisha mwanzo," alisema.

Wakamrudishia. Akaishika mbali na macho, kisha karibu.

"Hapa ni wapi?"

"Ni hapa, meku," Herieth alisema, akimwita babu kwa Kichagga. "Chini ya hili jabali."

"Hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Miaka sabini na minne," mzee alisema, kama anayesema na mtu asiyekuwepo. "Kila mwezi wa nane natoa tope humu. Sijawahi kushuka kutazama yanakoangukia." Akairudisha simu. Ndipo akaliona jani. "Vedastus, hili nikilikataa?"

"Hulikatai, meku. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza." Watu wakaanza kukohoa. Herieth hakuushusha mkono. "Juma zima wajukuu zangu wamekuwa wakiachwa wa mwisho kuteka maji pale kisimani. Unalijua hilo, binti?"

"Sikulijua."

"Sasa unalijua." Akalichukua isale, akalitia katika mfuko wa koti. "Nimelipokea. Moyo utafuata. Wenyewe una miguu yake, na ni ya kizee."

Kikao kikaamua. Mbege aliyokuwa ailete Yoramu ataileta Herieth, na kata ya kwanza atamnywesha Yoramu. Mwezi wa nane atatoa tope siku zote tatu, hata kama ana wageni wa rais. Maji yaliyokwenda yamekwenda. Hapo Mzee Yoramu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba zamu yake ijayo waigawe nusu kwa nusu, nusu ya pili iende kwenye maharage ya Anaeli. Shangazi Anaeli akajifunika uso kwa khanga. Kwa Herieth, faini zote zile hazikuuma kama ile nusu.

Aliporudi mjini aliandika chini ya video: Maji haya yalikuwa zamu ya shangazi yangu. Niliyazibua mimi bila ruhusa, na mzee asiye na kosa akaitwa mwizi. Maporomoko haya yapo masika tu. Msije kabla.

"Umeandika kama uko polisi," Shamsia alisema. Lakini ndiye aliyewapigia wale thelathini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia, "Hupungua, dada, maana yake hukauka."

Mwalimu Elizabeth alitumiwa ujumbe wa peke yake. Alijibu baada ya siku mbili: Nilijua, mwanangu. Jabali lilikuwa kavu, halafu halikuwa kavu. Nimefundisha jambo hilo miaka thelathini na mmoja. Nikanyamaza kwa kuwa niliyataka. Mwombe radhi shangazi yako kwa niaba yangu hadi nitakapokuja.

Maharage ya shangazi yalitoa nusu. Shangazi naye Herieth alimpelekea isale lake baada ya kikao, akalichomeka juu ya mlango, pale ambapo kila anayeingia lazima aliinamie.

Masika yalianza mwishoni mwa Machi. Wiki ya pili ya Aprili, nduwa ikiwa inafurika yenyewe, Herieth alikuwa anatoka kwa shangazi yake alipomkuta Mzee Yoramu amesimama njiani na fimbo, kama mtu aliyekuwa akisubiri kitu asichotaka kusema anakisubiri.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Ile njia ya kushuka ni ipi?"

Walishuka polepole. Mzee hakutaka kushikwa mkono. Tangu kikao kile alikuwa akiitikia salamu yake, basi, na hata siku ya mbege alikunywa kata yake, akashukuru, akaondoka. Herieth alitangulia akisukuma majani yaliyolowa, akisikia pumzi nzito nyuma yake, na kila pumzi alijiambia kwamba akianguka mzee huyu, hilo nalo litakuwa lake.

Kishindo kilianza kusikika kabla ya kuona. Kisha miti ikaachana.

Mzee Yoramu alisimama. Akakaa juu ya jiwe, lile lile alilokalia mwalimu. Maji yalikuwa yakishuka bila kuombwa, na manyunyu yakamjaa katika nyusi. Alitazama hadi Herieth akashindwa kuvumilia.

"Meku," alisema. "Umenisamehe?"

"Isale nililipokea Februari."

"Si hilo. Nauliza..."

"Najua unachouliza." Hakugeuka. "Yule mwalimu wako wa Dar, goti lake linaendeleaje?"

"Anasema afadhali."

"Mwambie aje sasa. Haya hayana mwenyewe."

Herieth alitia mkono mfukoni, akaigusa simu, akaiacha. Mzee alikuwa ameanza kuinuka, taratibu, akikunja mikono ya koti.

"Nishikie fimbo," alisema. "Nataka kunawa uso."

Akaipokea kwa mikono miwili, akasimama nayo pale pale mpaka mzee aliporudi.